Wote wanaisifu, mimi nilisinzia: je, tatizo ni mimi?

Swali la msomaji:

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34 na napenda sana filamu na muziki, lakini siku hizi naogopa kusema ninachokiona. Wiki iliyopita niliangalia nyumbani filamu ambayo wahakiki wameipa asilimia 96, na rafiki zangu wote kwenye kundi letu wanasema ndiyo filamu ya mwaka. Mimi nilisinzia katikati. Nilipoandika tu "mbona ya kawaida", nikaambiwa sijaielewa. Halafu kuna wimbo wa pop wa dakika tatu ambao nausikiliza kila siku, lakini najua nikiutaja nitachekwa, kwa hiyo nausikiliza peke yangu. Nyimbo nyingine mpya zinanipita tu. Je, kuna watu wanaojua kweli na sisi wengine tunabahatisha? Maoni yangu yana uzito wowote?

Jibu:

Marahaba. Nimefundisha uhakiki wa filamu na muziki kwa miaka mingi, na swali lako hunifikia kila mwaka likiwa limevaa nguo tofauti. Kila mara linaniuma kidogo, kwa sababu anayeuliza huwa ni mtu mwenye macho mazima na masikio mazima ambaye ameanza kuogopa kuyaamini. Kwa hiyo uniwie radhi, nitajibu kwa urefu.

Maoni yako yana uzito. Ila uzito wenyewe haumo katika neno "nzuri" wala neno "ya kawaida". Umo katika uwezo wako wa kuonyesha kwa kidole ni kitu gani ndani ya filamu ile kilichokuletea usingizi. Huko ndiko tunakokwenda, lakini kwanza tuiondoe njiani hiyo asilimia 96, maana naona ndiyo iliyokutisha zaidi.

Asilimia za namna hiyo zilienezwa na tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa mwaka 1998. Inavyofanya kazi ni hivi: kila uhakiki hutiwa katika fungu moja kati ya mawili, waliokubali na waliokataa, kisha huhesabiwa waliokubali ni wangapi katika kila mia. Basi. Sasa fikiria wahakiki mia moja wakiangalia filamu moja na wote wakasema, "Inaangalika, haichoshi, sita juu ya kumi." Filamu hiyo itapata asilimia 100. Fikiria nyingine: sabini wametoka wakitetemeka kwa furaha, wanasema hawajaona kitu kama hicho miaka kumi, na thelathini wametoka wamekasirika. Hiyo itapata asilimia 70. Mimi ningekimbilia ya pili bila kuvaa viatu. Asilimia 96 uliyoiona inakuambia kwamba karibu wahakiki wote hawakujuta muda wao. Haikuambii hata mmoja wao aliipenda kiasi gani, na kwa hakika haikuambii kwamba wewe ulipaswa kubaki macho.

Metacritic, iliyokuja mwaka 2001, hufanya kwa njia nyingine. Hugeuza kila uhakiki kuwa alama kati ya 0 na 100, halafu hutafuta wastani, huku baadhi ya wahakiki wakipewa uzito zaidi ya wenzao. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na 96 huku na 74 kule, na hakuna aliyedanganya; vipimo viwili vimepima vitu viwili. Ukisikia habari za CinemaScore, ile herufi ya A au B ambayo kampuni za filamu hupenda kuitangaza, jua kwamba hukusanywa kwa watazamaji wa usiku wa kwanza, yaani watu waliokuwa na hamu kiasi cha kutosubiri hata kesho yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtu aliyesubiri filamu mwaka mzima ana kila sababu ya kutaka iwe nzuri.

Nimekaa sana kwenye hesabu. Hesabu huonekana kama ushahidi, na watu wengi wazuri wamenyamazishwa nazo.

Tuje kwa rafiki zako. Mwaka 2006 watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio ambalo mimi hulisimulia darasani kila mwaka. Walitengeneza tovuti ya muziki, wakaweka nyimbo 48 za bendi ambazo karibu hakuna aliyekuwa akizijua, wakawaalika watu zaidi ya 14,000 kusikiliza, kutoa alama na kupakua bure walichokipenda. Baadhi ya washiriki waliona majina ya nyimbo tu. Wengine waligawanywa katika dunia nane zisizokutana, na ndani ya kila dunia mtu aliona kila wimbo umepakuliwa mara ngapi na wenzake wa dunia hiyo.

Nyimbo zilikuwa zilezile, watu wa aina ileile. Hata hivyo kila dunia ikazaa mashujaa wake. Kuna wimbo uliokuwa wa 26 pale ambapo watu walijiamulia bila kuona ya wenzao. Katika dunia moja ukashika namba moja, katika nyingine ukaishia wa 40. Nyimbo bora mara chache zilianguka kabisa, na mbovu mara chache zilifika kileleni, kwa hiyo ubora haukuwa bure. Lakini kwa hilo kundi kubwa la katikati, nani avume na nani asahaulike ilitegemea sana wa kwanza walibonyeza nini.

Ningependa ulisome jaribio hilo kwa upole. Halisemi kwamba rafiki zako ni bendera zinazofuata upepo. Wale washiriki hawakuwa wakijifanya. Kule kuona kwamba wengine wameupenda wimbo kuliwafanya wausikilize, na wakiusikiliza huku wameshauamini, wakaupenda kweli. Raha waliyoipata ilikuwa raha halali. Kuna raha ya filamu yenyewe, na kuna raha ya kuwa pamoja katika filamu. Tarehe 21 Julai 2023, filamu za Barbie na Oppenheimer zilipotoka siku moja, watu wengi waliziangalia zote mbili mfululizo, wakavaa kwa ajili yake, wakapiga picha. Nani atasema hawakufurahi? Kundi lako lilikuwa na raha hiyo ya pili. Wewe uliangalia peke yako, baada ya sifa zote kumwagwa, ukaikuta filamu haina karamu yake. Wao na wewe hamkuona kitu kimoja, ingawa picha zilikuwa zilezile.

Halafu kuna muda, ambao huwatia adabu hata sisi tunaolipwa kwa kazi hii. Tarehe 25 Juni 1982, filamu za Blade Runner na The Thing zilianza kuonyeshwa Marekani siku moja. Zote mbili ziliwakatisha tamaa wenye fedha, na wahakiki wengi waliziponda. Leo sijui chuo cha filamu kinachoweza kufundisha miaka ile bila kuzitaja. Au chukua jarida la Uingereza la Sight and Sound, ambalo tangu 1952 huwauliza wahakiki wa dunia nzima, kila baada ya miaka kumi, ni filamu gani bora kuliko zote. Mwaka huo wa kwanza ilishinda Bicycle Thieves. Citizen Kane haikuwa hata katika kumi bora, halafu kuanzia 1962 hadi 2002 ikashika nafasi ya kwanza mara tano mfululizo, tukadhani jambo limekwisha. Mwaka 2012 Vertigo ikachukua nafasi hiyo. Mwaka 2022 ikachukuliwa na Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975 iliyokuwa imekaa miaka yote hiyo bila kubadilika fremu hata moja. Kilichobadilika ni walioulizwa. Mwaka 2012 walipiga kura wahakiki 846. Mwaka 2022 walizidi 1,600, na wengi wao walikuwa watu ambao zamani hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kuna watu wanaojua, nitakujibu kwamba hakuna anayejua jibu la mwisho, kwa sababu jibu la mwisho halijafika na huenda lisifike.

Lakini tafadhali usiishie hapo, maana hapo ndipo wengi huegesha. Husema, "Aa, kila mtu na ladha yake, kipenda roho hula nyama mbichi," na mazungumzo yanakufa. Mimi siamini kwamba maoni yote yako sawa. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya 1757 juu ya ladha, anasimulia kisa alichokitoa kwa mwandishi wa Uhispania, Cervantes. Ndugu wawili waliitwa waonje divai ya pipa moja iliyosifiwa. Wa kwanza akaonja, akasema ni nzuri, ila ana ladha kidogo ya ngozi mdomoni. Wa pili akasema ni nzuri, ila yeye anasikia chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipokwisha, chini kabisa ukakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kikamba cha ngozi.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu hakimtaji aliyeshinda. Wote wawili walipata kitu kilichokuwemo kweli, kila mmoja upande wake, na wote walikuwa wachache mbele ya wengi. Tofauti yao na wale waliocheka ni kwamba walitaja kitu. Hawakusema "mbona ya kawaida". Walisema ngozi, walisema chuma, na kitu kikishatajwa kinaweza kutafutwa.

Sasa rudi kwenye usingizi wako, kwa sababu ndio divai yako. Ulisinzia wapi? Namaanisha dakika ya ngapi, katika tukio lipi, nani alikuwa akizungumza? Kuna usingizi wa kazi za mchana, huo hauna uhusiano na mwongozaji, na ukiwa ndio huo, mwombe radhi kimoyomoyo urudie siku nyingine. Lakini kuna usingizi unaotoka ndani ya filamu, na una vyanzo vyake. Mmoja hutokana na mhusika asiyetaka kitu chochote. Tunakaa na mtu kwa sababu anahangaikia jambo, na tukifika dakika ya arobaini bila kujua anahangaikia nini, mwili unaanza kujitoa. Mwingine hutokana na kujua mapema: umeshaona atakufa nani na atasalitiwa nani, na filamu inachukua saa nzima kukuletea barua uliyokwisha kuisoma. Mwingine unatoka kwa mhariri. Angalia matukio yanavyokatwa. Kama kila tukio linaanza mtu anapoingia mlangoni na kuisha anapotoka, na yote yana urefu mmoja, mapigo yanakuwa kama ya saa ya ukutani, na saa ya ukutani ni dawa nzuri ya usingizi. Tena upo unaotokana na muziki usionyamaza, unaokuambia uhuzunike kabla hujapata nafasi ya kuhuzunika mwenyewe. Huo mimi huniudhi kuliko kunichosha.

Ukipata chanzo chako, andika sentensi moja. Mfano: "Kwa nusu saa ya kwanza sikujua yule mama anataka nini, na nilipojua, akakipata bila kuhangaika." Linganisha hiyo na "mbona ya kawaida". Sentensi ya kwanza hakuna anayeweza kuijibu kwa "hujaielewa". Atalazimika kurudi kwenye filamu, akuonyeshe pale mama alipohangaika na wewe hukuona, au akubali kwamba kweli hakuhangaika lakini yeye hakujali. Kwa vyovyote vile, mmeanza kuzungumza juu ya filamu. Kabla ya hapo mlikuwa mkizungumza juu yako.

Nikupe la kwangu. Zamani niliandika uhakiki mkali wa filamu moja, nikasema ni polepole kupita kiasi. Nilitoa mfano wa tukio moja: baba amekaa kwenye benchi katika ujia wa hospitali, kamera haisogei, hakuna muziki, inachukua kama dakika nne. Nilikuwa nimeiangalia nyumbani, taa zinawaka, simu pembeni. Mwaka mmoja baadaye nikaikuta katika ukumbi wa sinema, gizani. Tukio lilelile lilipofika, nikasikia nyayo nyuma ya mlango wa mwisho wa ujia. Zinakaribia, zinasimama, zinarudi. Zinakaribia tena. Kila zilipokaribia, yule baba alikuwa akiinua kichwa chini ya sentimita moja. Dakika nne nzima filamu ilikuwa ikisimulia habari, na mimi nilikuwa nimezima masikio. Neno langu "polepole" lilikuwa sahihi, lakini nililitoa kama hukumu wakati lilikuwa swali: polepole, ili nisikie nini? Nilirudi nikaandika upya, kwa jina langu, kwamba nilikosea. Hakuna kilichonipungukia.

Hapo naomba niingize la kiufundi, maana uliangalia nyumbani. Sauti ya filamu kubwa hutengenezwa kwa ajili ya ukumbi wenye spika nyingi, na maneno ya wahusika kwa kawaida hupelekwa kwenye spika ya katikati peke yake. Runinga nyembamba ina spika ndogo zilizoangalia ukutani au chini, kwa hiyo maneno hayo yanamezwa na milipuko na muziki. Ukiongeza sauti, unapata milipuko zaidi. Kwenye mipangilio ya runinga nyingi kuna sehemu ya kukuza maneno. Iwashe, au tumia maandishi ya chini bila aibu yoyote. La pili ni picha. Filamu nyingi hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na runinga nyingi za kisasa hujipachikia fremu za kubuni katikati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake filamu iliyogharimu mamilioni inaonekana kama tamthilia ya mchana iliyorekodiwa kwa kamera ya bei nafuu. Jambo hili liliwakera watengenezaji kiasi kwamba mwaka 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video ya kuwasihi watu walizime. Lizime kabla hujaangalia tena.

Tumefika kwenye wimbo wako, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Umeniambia unaupenda kila siku na unauficha. Ningependa ujiulize, bila haraka, unaona aibu mbele ya nani. Aibu ya muziki ina historia, na mara nyingi historia hiyo haihusu sauti. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, katikati ya mechi mbili za besiboli, sanduku zima la santuri za disko lililipuliwa kwa baruti mbele ya umati ulioshangilia. Watu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Disko ilikuwa imekuzwa katika kumbi za Wamarekani weusi, za Walatino na za mashoga. Wengi walioangalia nyuma baadaye wamesema, na mimi nakubaliana nao, kwamba hasira ile ilihusu sana waliokuwa wakicheza kuliko mdundo waliouchezea. Haukupita muda, katika mji uleule, madijei wakaichukua disko iliyosemekana imekufa, wakaijenga upya kwa mashine za ngoma, ukazaliwa muziki wa dansi uitwao house. Leo mdundo huo umo ndani ya nusu ya nyimbo unazozisikia, na nadhani umo hata ndani ya wako.

Sikiliza pia namna watu wanavyoudharau muziki unaopendwa na wasichana wadogo. Bendi ya Uingereza ya Beatles walipotua Marekani mwaka 1964, waliowasikia vizuri kwanza walikuwa wasichana waliopiga kelele uwanja wa ndege, na watu wazima waliojua muziki waliandika kwamba ni nywele tu. Wasichana walikuwa sahihi. Mwaka 2004 mhakiki Kelefa Sanneh aliandika katika New York Times makala iliyowashtua wengi katika kazi yetu: kwamba tulikuwa tukipima muziki wote kwa rula ya rock, tukimheshimu anayejiandikia wimbo na kupiga gitaa, tukimdharau anayeimba wimbo ulioandikwa na wengine kwa kompyuta. Ilinigusa kwa sababu nilikuwa nikifanya hivyohivyo. Tangu hapo sitaki kusikia mtu akisema "starehe yangu ya aibu". Kama ni starehe, ina sababu, na sababu inaweza kutafutwa kama ule ufunguo.

Utafute basi. Vaa spika za masikioni, usifanye kitu kingine, na subiri ile sekunde ambayo mwili wako huitika. Kila mpenzi wa wimbo anaijua sekunde yake. Ukiipata, rudisha nyuma sekunde kumi, usikilize kilichotangulia. Mara nyingi utakuta prodyuza ameondoa kitu: besi imekatwa, au ngoma zote zimenyamaza kwa nusu pumzi kabla ya kiitikio, ili kiitikio kikiingia kikuangukie chote. Au sauti ya mwimbaji imekaa chini ubeti mzima kama mtu anayezungumza, halafu neno moja linaruka juu. Au kiitikio cha pili si kama cha kwanza, kimeongezewa sauti nyembamba nyuma ambayo hukuwahi kuitambua lakini umekuwa ukiifurahia kila siku. Msweden Max Martin ameshiriki kuandika zaidi ya nyimbo 20 zilizoshika namba moja Marekani tangu 1999, akiwa na waimbaji tofauti kabisa. Bahati haidumu hivyo. Kukamilisha dakika tatu ambazo mtu mzima wa miaka 34 atataka kuzirudia kesho na keshokutwa ni kazi ngumu kuliko kuandika dakika tisa ambazo watu wataziheshimu na kuziacha.

Kuhusu nyimbo nyingine mpya zinazokupita, usijishtaki. Watafiti wa kumbukumbu wameona tena na tena kwamba nyimbo za miaka yetu ya kati ya 10 na 30, hasa za ujana, hushika mizizi kuliko za baadaye, na wewe umetoka humo juzijuzi. Vilevile za zamani unazozikumbuka zimeshachekechwa. Mbovu za mwaka ule hakuna anayezipiga tena, wakati za mwaka huu zinakujia zote na makapi yake. Na nyimbo zenyewe zimebadilika umbo. Hubert Léveillé Gauvin, katika utafiti aliouchapisha 2017, alipima nyimbo zilizofika kumi bora Marekani: katikati ya miaka ya 1980 mwanzo wa ala kabla ya sauti ulizidi sekunde 20, na kufikia 2015 ulikuwa kama sekunde 5. Kwenye Spotify usikilizaji haulipwi mpaka sekunde 30 zipite, kwa hiyo kila mtu anataka akukamate mlangoni. Sikio lililozoea kukaribishwa taratibu linaona limevamiwa. Dawa yangu ni ya kizamani: chagua albamu moja tu mpya kwa mwezi, usikilize mara tatu katika siku tofauti, ndipo uamue. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara peke yake hukifanya kipendeke zaidi. Ya tatu ikikupita pia, iache iende.

Limebaki kundi lako. Usirudi kwao na asilimia, wala na jaribio la 2006. Ukiwaambia wamefuata mkumbo utakuwa umewafanyia walichokufanyia. Nenda na vitu vitatu, na usivichanganye. Kuna "nimeipenda", ambayo ni habari yako na haina mpinzani. Kuna "imetengenezwa vizuri", ambayo inahitaji ushahidi kutoka kwenye filamu. Na kuna "ni muhimu", ambayo inahusu imewafungulia nini wengine. Unaweza kusema ndiyo kwa moja na hapana kwa mbili, na hujipingi. Mimi zipo filamu ninazozifundisha kwa heshima kubwa ambazo sitaki kuziona tena maishani, na ipo moja ambayo najua mashimo yake yote ya hadithi na bado hunitoa machozi kila nikiirudia. Nashuku ugomvi mwingi wa kwenye makundi huanza pale mmoja anaposema "nimeipenda" na mwingine akasikia "ni bora kuliko zote".

Halafu waulize swali moja: "Kila mmoja anitajie tukio lake." Usiwaulize kama ni nzuri. Waache wataje matukio. Wengine watataja moja ulilolala, na pengine utataka kurudi kuliona. Wengine watakosa la kutaja, na hapo mtacheka pamoja, sote tumewahi kukosa. Zamu yako ikifika, taja dakika uliyofumba macho na sababu uliyoipata.

Na ule wimbo, uandike jina lake palepale kwenye kundi, pamoja na sekunde yako. Kisha niandikie na mimi. Hukuutaja katika swali lako, na tangu juzi natamani kuusikia.